Amana Iliyoko Stoo: Somo kwa Wanaosomea Utawala wa Huduma za Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili nimewaandikia hasa wenzetu wanaosomea utawala wa huduma za afya, ingawa mimi mwenyewe sisomei fani hiyo. Mimi niko mwaka wa tatu, nasoma masomo ya Kiislamu. Nimethubutu kuandika kwa sababu likizo iliyopita nilikaa wiki mbili katika kituo cha afya pamoja na rafiki yangu aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Humo ndani nilifanya kosa ambalo nisingependa mwingine alirudie. Nitalieleza mahali pake, inshaallah.

Jinsi nilivyofika pale

Rafiki yangu alipangiwa wiki nane katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, katika wilaya moja ya magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kwa wasioijua ngazi hiyo: kituo cha namna hii kiko chini ya hospitali ya wilaya. Huongozwa na daktari, kina wodi za kulaza wagonjwa, na kinatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji, hasa kwa ajili ya akina mama wanaoshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida.

Mhadhiri wake alimtaka awaulize wagonjwa wanasubiri muda gani kabla ya kuhudumiwa. Shida ikawa lugha. Wagonjwa wengi wa pale huvuka kutoka Kongo na lugha yao ya mawasiliano ni Kiswahili, na rafiki yangu Kiswahili chake ni cha sokoni. Akanipigia simu: "Ndugu yangu, njoo unisaidie kuuliza, chakula na malazi ni juu yangu." Nikaenda.

Nilipofika nilimkuta ameshakaa wiki tatu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Kila mwezi kituo hutuma taarifa wilayani: wagonjwa wa nje wangapi, malaria wangapi, akina mama wangapi wamejifungua, dawa zipi zimetolewa. Wauguzi hujumlisha kutoka kwenye rejista na kuandika kwenye fomu, naye akazihamisha tarakimu zile kwenye mfumo. Alikuwa na kiti, meza na feni. Kwa wiki tatu hakuwa ameingia wodini wala stoo ya dawa, na hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemwambia aingie, naye hakuomba.

Wengi wenu mtaijua hali hii. Mwanafunzi anapelekwa "kujifunza kazi", anawekwa pembeni apige fotokopi na kuchapa, siku zinakwisha, fomu inapigwa muhuri, anarudi chuoni. Karatasi inasema amefanya mafunzo kwa vitendo. Vitendo vyenyewe hakuviona.

Kosa langu

Siku ya tatu tukiwa kwenye foleni, nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amepimwa, ana malaria. Mama akanionyesha karatasi na kuniambia, "Mwanangu, hapa nimeandikiwa dawa, lakini dirishani wameniambia haipo, nikanunue dukani. Nauli ya bodaboda ndiyo niliyobaki nayo."

Tangu mwaka 2001 huduma katika vituo vya serikali nchini Uganda hutolewa bila malipo. Kwa hiyo dawa inapokosekana dirishani, gharama yote humwangukia mgonjwa, na humwangukia siku ambayo hakujiandaa. Tulichanga mimi na rafiki yangu, mama akapata dawa, akaenda. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshachemka. Nilimwambia rafiki yangu, "Hizi dawa zinaibwa. Hakuna jingine."

Laiti ningeishia hapo. Baada ya swala ya Alasiri nilikaa barazani mwa msikiti wa karibu, wazee wakaniuliza habari za kituo. Nikasema yale yale: dawa zinaletwa na serikali, zinapotelea stoo. Sikutaja jina la mtu, lakini stoo ya kituo kile inasimamiwa na muuguzi mmoja tu, sista wa makamo, na kila mtu anamjua. Nilikuwa nimemtaja bila kumtaja.

Mimi ndiye ninayesoma tafsiri ya Suratul Hujurat darasani. Ninajua kwamba sura hiyo inawaamrisha waumini kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta, na kwamba inakataza kudhaniana vibaya. Niliyajua hayo kwa ajili ya mtihani.

Tulichokikuta stoo

Asubuhi yake rafiki yangu, ambaye ni mtulivu kuliko mimi, alimwomba msimamizi wa kituo ruhusa ya kuingia stoo. Ruhusa ikatolewa bila tabu. Sista alitufungulia mwenyewe, akasema, "Karibuni. Mwanafunzi wa mwisho kuingia humu simkumbuki."

Kila dawa ina kadi yake. Kinachoingia huandikwa, kinachotoka huandikwa, na salio huandikwa. Tulikaa mpaka adhuhuri tukihesabu maboksi ya dawa za malaria na kulinganisha na kadi. Salio la kadi na maboksi vililingana. Hakuna kilichopotea. Sista alikuwa anaiendesha stoo ile juu ya zamu zake za wodini, na jumla zake zilikuwa safi kuliko daftari langu la chuo.

Basi dawa inakwisha kwa nini? Rafiki yangu aliangalia kadi kwa muda mrefu, kisha akafungua fomu za taarifa za mwezi. Kwenye fomu ile, pembeni ya kila dawa muhimu, kuna nafasi ya kuandika ni siku ngapi mwezi huo dawa haikuwepo. Nafasi ile ilikuwa wazi, mwezi baada ya mwezi. Fomu hujazwa mwisho wa mwezi kwa haraka, na kituo chote kilishaizoea kama mapambo. Na kwenye kompyuta, mahali palipoachwa wazi, palikuwa na sifuri.

Akanigeukia. "Sifuri za mwezi huu nimeziweka mimi," akasema. "Nilidhani wazi maana yake ni sifuri."

Sifuri ile ilikuwa inasema: mwezi huu dawa haikukosekana hata siku moja. Na mama yule alikuwa amesimama foleni mwezi ule ule.

Hesabu inayojirudia

Hapa naomba wasomaji wa fani nyingine wavumilie kidogo, kwani ndani ya hesabu hii ndimo somo lilimo. Tarakimu ni za mfano tu, nimezifanya nyepesi.

Tuseme katika siku 90 kituo kimetoa dozi 600 za dawa ya malaria. Anayepanga oda anagawa kwa miezi mitatu, anapata dozi 200 kwa mwezi. Bohari Kuu ya Dawa ya Uganda hupeleka dawa vituoni kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo anaagiza dozi 400. Hesabu ni sahihi, hata mwalimu wa shule ya msingi angeipa alama.

Lakini kati ya siku zile 90, siku 30 stoo ilikuwa tupu. Dozi 600 zilitoka ndani ya siku 60 tu. Mahitaji ya kweli ni dozi 300 kwa mwezi, na oda ya miezi miwili ingekuwa dozi 600. Ukileta 400, zitakwisha baada ya siku 40, na siku 20 zitakazofuata mama atapelekwa dukani. Halafu ukikaa tena kupanga, utaona umetoa dozi 400 kwa miezi miwili, utagawa, utapata 200 tena. Upungufu wa jana unaandika oda ya kesho. Hakuna mwizi, na kila mwezi watoto wanakosa dawa.

Oda halisi ina mambo zaidi. Unatoa kilichobaki stoo, unaongeza akiba, unaangalia msimu wa mvua ambapo malaria hupanda. Lakini yote hayo yamejengwa juu ya ile nafasi ndogo iliyoachwa wazi. Rafiki yangu alikuwa ameisoma kanuni hii darasani na kuifaulu. Aliniambia hakuwahi kufikiri kwamba "siku bila dawa" ni siku za mtu fulani, na kwamba yeye ndiye angeziandika.

Nabii Yusuf (a.s.) mlangoni mwa ghala

Ninapofundishwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), mara nyingi tunakaa sana kwenye kisima, kwenye jumba la waziri na kwenye jela. Ghala tunalipita haraka. Naomba leo tusimame ghalani.

Yusuf (a.s.) aliomba apewe usimamizi wa hazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye elimu. Mbili kwa pamoja. Wanazuoni wametaja mambo mengi katika aya hiyo, nami nachukua moja tu linalotuhusu. Uaminifu bila ujuzi hautoshi kulinda ghala, na ujuzi bila uaminifu hautoshi pia. Sista alikuwa mwaminifu kabisa, lakini hakuna aliyekuwa amekaa naye kumwonyesha nafasi ile wazi ilikuwa inafanya nini kwenye oda. Rafiki yangu alikuwa na elimu ile, lakini ilikuwa imekaa kwenye daftari umbali wa hatua hamsini kutoka stoo.

Tukumbuke pia Abu Dharr (r.a.). Ukweli wake na uchamungu wake haukuwa na shaka, lakini alipoomba uongozi Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba yeye ni dhaifu katika jambo hilo na kwamba uongozi ni amana. Kumbe mtu anaweza kuwa mwema sana na bado asiwe wa kukabidhiwa kazi fulani mpaka awe na uwezo nayo.

Halafu kuna jambo ambalo mimi binafsi sikuliona mpaka niliporudi kutoka kituoni. Ndugu zake Yusuf walipokuja Misri kutafuta chakula, waliingia mbele yake mwenyewe, akawatambua. Alikuwa ameshapanga mpango wa miaka saba ya kulima na miaka saba ya ukame, ameshaelekeza nafaka ihifadhiwe ndani ya mashuke yake. Angeweza kukaa mbali na kupokea taarifa. Lakini tunamkuta pale walipo wenye njaa, akiwatimizia kipimo. Mpango wake ulianza na hesabu na ukaishia kwenye uso wa mtu.

Mila yetu katika hospitali

Jambo hili wazee wetu walilijua. Hospitali ya Nuri ya Damascus, iliyojengwa na Sultan Nuruddin Zangi mwaka 1154, ilikuwa mahali pa kutibu na pa kusomea. Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa tarehe ya matabibu ambaye mwenyewe alisoma hapo, ameeleza jinsi tabibu mkuu alivyokuwa akipita kwa wagonjwa pamoja na wasimamizi na wahudumu, maagizo yake yakitekelezwa bila kuchelewa, kisha matabibu na wanafunzi wakaketi ukumbini kusoma na kujadiliana. Tazameni mpango huo: kwanza kwa mgonjwa, kisha kitabuni. Na msimamizi yuko kwenye msafara.

Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla ya kuwa sultani, aliugua akiwa Sham na akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, akaweka nadhiri ya kujenga nyingine Allah akimpa utawala. Hospitali yake ilijengwa Cairo mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu. Alikuwa amelala kitandani kabla ya kuwa mwenye kutoa amri ya ujenzi.

Na huko Baghdad mwaka 931, mgonjwa alipofariki kwa kosa la tabibu, khalifa al-Muqtadir aliamrisha matabibu wapewe mtihani na Sinan bin Thabit kabla ya kuruhusiwa kutibu. Wanaelezwa kuwa walikuwa zaidi ya 800. Kifo cha mtu mmoja kilibadilisha utaratibu wa mji mzima. Huo ndio utawala wa afya: kosa lililompata mmoja lifanyiwe kazi ili lisimpate wa pili.

Nilivyorejesha nilichokivunja

Maneno yangu ya barazani yalikuwa yameshamfikia sista kabla hatujatoka stoo. Nilimfuata jioni alipomaliza zamu, nikamwambia, "Sista, ni mimi niliyesema dawa zinapotelea stoo. Nimekosea, naomba unisamehe." Aliniangalia kidogo, akasema, "Nilishasikia. Nilitaka kuona kama utakuja." Kisha akaongeza, "Ulichokisema kwangu umekirudisha. Kule msikitini nani atakirudisha?"

Sista si Mwislamu. Alinifundisha sharti la toba ambalo mimi nalihifadhi kwa Kiarabu: haki ya mja hurejeshwa. Siku iliyofuata baada ya Alasiri nilisimama mbele ya wazee wale wale nikawaambia nilisema nisilolijua, tumehesabu, hakuna kilichoibwa, na tatizo ni la namna ya kuandika taarifa. Mzee mmoja akasema, "Basi kaandikeni vizuri." Ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko siku ya kwanza.

Rafiki yangu naye alikwenda kwa msimamizi wa kituo na kumwonyesha. Walipitia kadi za nyuma, wakahesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri, wakazirekebisha taarifa zilizokuwa bado zinaweza kurekebishwa, na oda iliyofuata ikapangwa kwa hesabu mpya. Tuliondoka kabla mzigo haujafika. Bohari ina mipaka yake na bajeti ina mipaka yake, sitawaambia kwamba shida imekwisha. Ninachojua ni kwamba sista amechora mstari mwekundu kwenye kila kadi, na siku dawa inapokwisha anaandika tarehe siku hiyo hiyo, hasubiri mwisho wa mwezi.

Ya kuchukua katika somo hili

Kwa ndugu zetu wanaosomea utawala wa afya, nasihi yangu na ya rafiki yangu ni hizi:

1. Omba kupelekwa kwa mtu, usisubiri kupewa meza. Siku ya kwanza muulize msimamizi wako: nani anatunza stoo, nani anapokea wagonjwa, nani anaandika rejista? Omba siku moja na kila mmoja wao.

2. Chagua karatasi moja uifuate mwanzo hadi mwisho. Taarifa ya mwezi, oda ya dawa, au rufaa ya mgonjwa. Inaanza wapi, nani anaijaza, inakwenda kwa nani, na mwisho wake inamgusa nani? Usiiache mpaka umemwona mtu huyo.

3. Nafasi iliyo wazi uliza. Wazi si sifuri. Anayeandika tarakimu anatoa ushahidi, na ushahidi katika dini yetu una uzito mnaoujua.

4. Kaa kwenye foleni kama mgonjwa, walau asubuhi moja. Utajifunza usichokiona kutoka upande wa pili wa dirisha.

5. Siri za wagonjwa ni amana. Usipige picha rejista wala usisimulie mabwenini. Ndiyo maana mimi sikutaja kituo wala wilaya.

6. Rudi na ulichokiona kwa mhadhiri wako. Rafiki yangu aliandika kisa cha nafasi ile wazi kwenye ripoti yake, na mhadhiri akamwomba akieleze darasani.

Kwa uongozi wa jumuiya yetu, ninalo pendekezo. Kila likizo tunapanga ziara ya kuwatembelea wagonjwa, tunagawa sabuni na sukari, tunapiga picha, tunarudi. Hiyo ni kheri na iendelee. Tuongeze jingine: kabla ya likizo tuorodheshe wenzetu wa utawala wa afya, uuguzi, famasia na udaktari, tuwaandikie barua za kuwatambulisha katika vituo vya serikali na vile vilivyo chini ya Ofisi ya Tiba ya Waislamu wa Uganda, na wakirudi wakae na wadogo zao wa mwaka wa kwanza waeleze walichokiona. Na anayejua Kiswahili, Kiarabu au lugha ya huko wanakokwenda afuatane nao. Mimi nilikwenda kama mkalimani tu, nikarudi na somo ambalo halimo katika ratiba yangu.

Maswali ya kujadili katika halaka

Je, katika fani unayosoma, ghala lako ni lipi, na ni nani anayesimama mlangoni pake? Ni jambo gani umelifaulu katika mtihani lakini hujawahi kuliona likimgusa mtu? Na je, kuna neno ulilolisema juu ya mtu bila kuhakikisha, ambalo bado hujalirejesha pale ulipolisema?

Namwomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa wenye kuhifadhi na wenye elimu, awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowahudumia, na atusamehe kwa ndimi zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.